Utambaa wa Kidevuni

Mwanamkuu alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa mbele, anachambua michembe. Vile vipande vya viazi vikavu vilikuwa vimeingiwa na wadudu, na kazi yenyewe ni kugonga kipande kwenye ukingo wa ungo na kukisikiliza. Kikilia kitupu, anawatupia kuku. Kikilia kizito, anakirudisha kapuni. Alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vichuguu na adhana ya magharibi ilikuwa bado. Mumewe Shomari, ambaye walikuwa wamemzika siku chache nyuma, akaja kutoka upande wa makaburini, akapangusa miguu kwenye gunia la mlangoni kama ilivyokuwa kawaida yake, akakaa kwenye kigoda chake barazani.

Mwanamkuu alivuta ungo ndani kidogo usije ukakanyagwa.

Shomari alikuwa na sanda yake. Shavu la kulia lilikuwa na udongo, kwa sababu ndilo alilolazwa nalo kuelekea kibla. Chini ya kidevu ulipita utambaa wa bafta, ukapanda mbele ya masikio pande zote mbili, na fundo lilikuwa utosini, ncha zake mbili zimesimama.

"Karibu, Baba Mwanajuma," Mwanamkuu alisema.

Shomari alijibu kwa puani. Sauti ilikuwa ndefu, yenye kupanda na kushuka, kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili na mlango umefungwa. Alizungumza hivyo mpaka muadhini alipoanza. Hapo alinyamaza, akasikiliza adhana mpaka mwisho, akainuka, akakung'uta sanda, akarudi alikotoka.

Kesho yake alikuja tena. Na kesho yake.

Mwanamkuu alikuwa mwanamke wa kushika dini, na jambo la kwanza lililomsumbua lilikuwa la kisheria. Mwanamke aliye edani hakai na mwanamume asiye maharimu wake. Sasa mume aliyekufa ni maharimu au si maharimu? Alimtuma jirani amwitie Bi Kuluthumu, aliyekuwa akiwasomesha wanawake wa kitongoji chao pale karibu na Kwihara. Bi Kuluthumu akaja na tasbihi yake, akakaribishwa kahawa, akafikiri.

"Ndoa imekatika kwa mauti," alisema. "Hilo halina ubishi."

"Basi nijifungie?"

"Ngoja kwanza. Hiyo eda unamkalia nani?"

"Ninamkalia yeye."

"Ndiyo. Sasa utamfichaje mtu eda yake mwenyewe?" Akavuta punje za tasbihi. "Kaeni, lakini mlango uwe kati yenu. Yeye barazani, wewe ndani. Na usimpe chakula."

"Chakula atakilaje, somo? Si amefungwa taya."

Bi Kuluthumu aliweka kikombe chini. Hilo lilikuwa jambo lingine. Maiti hufungwa taya mara roho inapotoka, kabla mwili haujakauka, ili mdomo usibaki wazi. Lakini akishakuwa mkavu utambaa ule huondolewa, na wakisahau kuuondoa nyumbani huuondoa mle kaburini, wanapolegeza kamba za sanda kabla ya kuweka viunza vya mbao na kufukia.

"Hawakumfungua?"

"Utambaa anao mpaka leo."

"Laa ilaaha illallah," Bi Kuluthumu alisema. "Maana kule anaulizwa, mwanangu. Wale malaika wawili wanamjia na kumuuliza Mola wako nani, naye anaguna."

Tangu hapo Mwanamkuu hakuwa na jambo lingine moyoni. Kuhama kulikuwa kunakuja. Serikali ilikuwa imekwisha sema kila mtu aishi katika kijiji, na wao walikuwa wamepangiwa Umoja, ng'ambo ya mbuga. Alitaka mumewe awe amefunguliwa kabla ya lori kufika, ili awajibu wanaomuuliza. Alijaribu mwenyewe kwa vidole, akinyoosha mkono kupitia mlangoni na uso ameugeuza pembeni. Fundo lilikuwa gumu kama kokwa. Akajaribu kwa wembe. Utambaa ulikatika vizuri, ukaonyesha nyuzi zake, kisha ukarudiana kama maji yaliyopitishwa kijiti. Shomari alivumilia. Alipoona wembe umeshindwa alitikisa kichwa, akaendelea kuguna pale alipokuwa ameachia.

Mganga wa zahanati alikuwa Ambrosi, kijana wa kwa Wakatoliki, mpole, mwenye baiskeli. Alikuwa akipita kutazama watoto. Mwanamkuu akamwita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtazame baba yako pale. Hawezi kufumbua mdomo."

Ambrosi alinawa mikono kwanza. Akaweka kidole kimoja kimoja mbele ya masikio ya Shomari na kubonyeza taratibu.

"Mama, na wewe weka kidole hapa, kwako. Sasa fungua mdomo. Umesikia kinavyoteleza? Hiyo ndiyo bawaba. Kichwa chote hiki ni mifupa mingi imeshikana, haiendi popote. Unaosogea ni huu mmoja tu, taya la chini. La juu limekaa tu, limejengwa humo humo kichwani. La chini ndilo linalokwenda juu, chini, na ubavu. Mtu akitafuna, akisema, akipiga miayo, kazi ni ya la chini."

"Na la juu?"

"La juu linangoja kuletewa."

Akamwonyesha pia msuli wa shavuni. Alimwambia aume meno, aguse pembeni mwa shavu, aone unavyojikaza kama jiwe dogo. Ndio wenye nguvu sana, alisema, mtu anavunja mfupa wa kuku kwa huo. Kisha akamgusa tena Shomari pande zote, akamshika kidevu, akatazama meno yale machache ya mbele kupitia upenyo wa midomo.

"Bawaba ni nzima. Msuli upo. Meno ya mbele ndiyo hivyo, lakini magego anayo." Akanawa tena. "Mama, huyu hana ugonjwa. Huyu amefungwa."

"Basi mfungue."

Ambrosi alijaribu, akashindwa. Akasema fundo si la kitabibu, akapanda baiskeli.

Watu walikuwa wamekwisha zoea kupita jioni kumwamkia Shomari, na kila mmoja alikuwa na wazo lake juu ya anachotaka kusema. Mmoja alisema ni mizinga yake ya nyuki kule porini, haijulikani nani ataivuna. Shomari akakataa kwa kichwa. Mwingine alisema anamtaka binti yake Mwanajuma, aliyeolewa Igunga, aje. Akakataa. Bi mmoja alisema labda sanda inamkwaruza. Shomari alimtazama yule bi kwa muda, kisha akakataa.

"Ni habari ya kuhama?" mtu wa nyuma aliuliza.

Shomari akaitikia kwa kichwa, sana.

"Ahaa. Unakubali kuhama?"

Akakataa.

"Kwa hiyo unapinga kuhama?"

Akakataa vile vile.

Walitazamana. Walirudia swali kwa Kinyamwezi, wakidhani labda kufa kumemrudisha kwenye lugha ya mama yake. Majibu yakawa yale yale. "Hata marehemu mwenyewe hajui anachotaka," walisema, na wengine wakaenda kuswali. Mwanamkuu alibaki nyuma ya mlango na michembe yake. Alimjua mumewe miaka mingi, na hakuwa mtu wa kutojua anachotaka. Ila ni kweli kwamba mambo ya baraza hakuwa akiyaleta nyumbani. Siku zile za mwisho, homa ikimchemsha, alikuwa akisema tu, "Siku ya mkutano nitasema." Mkutano huo wa kuhama ulifanyika asubuhi ile ile aliyokufa, na waliotoka mkutanoni ndio hao hao waliokuja kuzika.

Bi Kuluthumu alisema hili hakulisoma mahali, lakini katika uzee wake ameona kwamba fundo la maiti linamsikia yule aliyelifunga. Na aliyemfunga Shomari alikuwa Nassibu, rafiki yake wa tangu ujana. Nassibu ndiye aliyemwosha, ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea. Kamba za sanda alizilegeza za miguuni na za kiunoni. Kabla hajafika kichwani mjumbe alimwita kutoka ukingoni kwamba gari la wilaya liko barabarani, linamngoja. Nassibu alipanda juu na udongo mikononi, wenzake wakaweka viunza, na jioni ile alirudi akiwa mwenyekiti wa kijiji cha Umoja, ambacho kilikuwa bado hakijakuwapo.

Mwanamkuu alimwita mara nyingi. Siku aliyokuja, alikuja saa za mchana, wakati Shomari hayupo, akasimama mbali na mlango.

"Shemeji, nimesikia."

"Umesikia, na hukuja."

"Kazi, shemeji. Kule watu wanapimiwa viwanja, huku watu wanavunjiwa paa. Mimi sasa si mtu wangu mwenyewe."

"Kumfungua mwenzako ni kazi ya dakika ngapi?"

"Si dakika. Ni mfano. Leo nimfungue huyu, kesho na waliozikwa wakati wa Mjerumani watataka kufunguliwa. Nitafanya kazi ya kijiji saa ngapi?" Alicheka kidogo. "Na huyo Shomari unamjua. Akianza kusema, nani atamnyamazisha?"

"Atasema nini, shemeji?"

"Nitajuaje mimi? Si amefungwa."

Mwanamkuu alikuwa anamtazama kupitia upenyo wa bawaba za mlango. Nassibu hakuwa na kitu mdomoni, wala karanga wala tumbaku. Hata hivyo pembeni mwa shavu lake lile jiwe dogo lilikuwa linajikaza na kulegea, linajikaza na kulegea. Aliaga, akaenda zake, na hata kwa nyuma, chini ya kofia, lilikuwa linaonekana likienda.

Siku ya kuhama lori lilichelewa. Lilikwama kwenye mchanga, likasukumwa, na ilipofika zamu ya nyumba ya Mwanamkuu jua lilikuwa linazama. Vijana walikuwa wamekwisha toa mlango wa nyuma na kuanza kushusha paa. Vyungu, kinu, mkeka na kapu la michembe vilikuwa vimepakiwa. Afisa aliyetumwa kusimamia zoezi alikuwa amechoka, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Alimkuta Shomari barazani.

"Huyu mzee naye ni wa nyumba hii?"

"Ndiye mwenye nyumba," Nassibu alisema. "Lakini ni marehemu."

"Marehemu hawahamishwi. Makaburi yote yanabaki." Afisa alimwamkia Shomari shikamoo, akapata mguno. "Na mama?"

"Mimi siondoki," Mwanamkuu alisema kutoka ndani. "Niko edani, na nyumba ya eda ni hii."

"Mama, eda utaimalizia Umoja. Nafasi ipo."

"Eda haipandi lori, mwanangu. Lakini ukitaka nipande, Mungu anisamehe, afunguliwe huyu kwanza."

Dereva alipiga honi. Afisa alitazama jua, akatazama utambaa.

"Nani alimfunga?"

Wote waliokuwa pale waligeuza macho, na yalipokutana yalikuwa juu ya Nassibu.

"Ndugu Mwenyekiti," afisa alisema, "mfungue aseme, tuondoke."

Nassibu alipanda barazani. Alisema bismillahi kwa sauti ndogo na kugusa fundo, na fundo likaachia mara moja, kama la kitambaa kilichofungwa asubuhi ile. Taya la Shomari lilianguka mpaka karibu na kifua, likilia kama mlango wa zamani. Shomari alilipokea kwa kiganja. Akalipandisha, akalipeleka kulia, akalipeleka kushoto, kama ng'ombe anayecheua, na mbele ya sikio kikasikika kishindo kidogo. Ambrosi, ambaye alikuwa ameegemea baiskeli yake pembeni, alisema, "Limeingia."

Mwanamkuu alisogea mpaka kizingitini. Alidhani ataanza kwa shahada. Ikiwa si shahada, alidhani pengine ataanza na jina lake yeye.

"Pale Umoja hapana maji," Shomari alisema.

Sauti yake ilikuwa ile ile, kavu kidogo. Alieleza bila haraka. Kuhama yeye hakukupinga, alisema, watu kukaa pamoja ni jambo jema, na ndiyo maana walipomuuliza hili au lile alikataa yote mawili. Alichotaka kusema ni kwamba pale hapana maji. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kutoka Ujiji mpaka pwani, na misafara yote iliyopita njia hii haikulala ng'ambo ya mbuga hata watu wakiwa hoi, ilijikokota mpaka huku. Kisima kinachoonekana kule ni cha masika. Mahindi yakishavunwa kinabaki tope, kisha mwamba.

"Nassibu anajua," alisema. "Tulichimba mimi na yeye, tukiwa vijana. Wewe Nassibu ulikuwa chini na sululu, mimi niko juu nimeshika kamba. Ulipogonga mwamba uliniambia nini? Uliniambia hapa hata chura aje na kibuyu chake."

Watu wawili watatu walicheka, kwa sababu ilikuwa ni kauli ya Nassibu hasa.

"Na mkutanoni walipokuuliza kama maji yapo," Shomari aliendelea, "ukasema yapo. Walionizika waliyazungumza, nami nasikia."

Afisa alimgeukia Nassibu. "Ni kweli mlichimba?"

"Tulichimba," Nassibu alisema. Ule utambaa alikuwa bado ameushika, anauzungusha kidoleni. "Lakini mwaka ule ulikuwa wa ukame."

"Ahaa," afisa alisema. Akamwinamia Shomari kidogo, kwa heshima. "Mzee, tumekusikia. Maoni yako yamepokelewa kwa mikono miwili."

Watu wakapiga makofi, kama walivyokuwa wamezoea kupiga mikutanoni kila neno hilo liliposemwa. Dereva akawasha gari. Mwanamkuu alipandishwa nyuma, akakalishwa juu ya gunia la mtama na Bi Kuluthumu ubavuni, khanga imewafunika wote wawili. Lori liliruka mashimo njia nzima. Taya la chini la Mwanamkuu lilikuwa linagonga la juu, na la juu halisogei, kama Ambrosi alivyosema.

Umoja palikuwa na nyumba zilizonyooka mistari, bendera, na ofisi iliyopakwa chokaa. Maji yalikuwapo. Yalikuwapo wakati wa palizi, yalikuwapo mahindi yalipobeba. Mahindi yalipovunwa likabaki tope, wanawake wakalichuja kwa khanga. Kisha ukaonekana mwamba, na juu ya mwamba alama za sululu la zamani. Mkutano uliitwa. Mwenyekiti Nassibu alieleza hali kwa ufasaha, na ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba wanawake watateka maji kwenye kisima cha zamani, kule walikotoka.

Wakawa wanakwenda kila siku, kwa ile njia ya misafara, mmoja nyuma ya mwenzake, ndoo kichwani na mkono mmoja juu. Mke wa Nassibu alikuwamo. Njia inapita mbele ya nyumba ya Shomari, ambayo haina tena paa wala milango, lakini baraza lipo. Shomari alikuwa anakuja jioni kama kawaida. Tangu afunguliwe, taya lake lilikuwa haliketi vizuri. Lilikuwa linaning'inia kidogo upande mmoja, na alikuwa anasema.

"Pale Umoja hapana maji," alikuwa akiwaambia.

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Pale hapana maji."

"Ndiyo, mzee."

Eda ilipokwisha, Mwanamkuu alibadili nguo, akashika ndoo, akaenda na wenzake. Alipofika barazani alitua ndoo, akakaa karibu na kigoda kwa mara ya kwanza bila mlango katikati, kwa kuwa milango haikuwapo. Alikuwa amelibeba swali lake miezi yote ile.

"Baba Mwanajuma. Wale wawili walikuja kukuuliza?"

Shomari aliinua taya kwa kiganja. "Walikuja."

"Uliwajibuje?"

"Niliwaambia pale Umoja hapana maji."

"Basi? Hilo tu?"

"Waliuliza," Shomari alisema, "na mdomo ulikuwa wazi."

"Wakasemaje?"

Shomari alifikiri. Taya lilikwenda kulia, likaenda kushoto, kama lililo na kitu cha kusaga. "Waliondoka," alisema. "Sikujua kama wameridhika."

Mwanamkuu naye hakujua. Tangu siku ya lori alikuwa akilihofu jibu hilo, na alikuwa amekwisha muuliza Bi Kuluthumu kama mtu anaweza kujibu kaburini jambo la kweli ambalo hakuulizwa, likapokelewa, na Bi Kuluthumu alikuwa amevuta tasbihi nzima, akaianza upya. Akainuka, akaenda kisimani, akateka. Aliporudi alichota maji kwa kiganja, akamwekea mumewe mdomoni. Yalipita kwenye meno, yakashuka pembeni mwa kidevu, yakaingia kwenye udongo wa baraza. Alimpangusa kwa ncha ya khanga.

Wenzake walikuwa wamekwisha tangulia. Akaweka kata kichwani, akajitwisha ndoo, akashika njia ya Umoja, ambako hapana maji.